Kisukari Hakingoji Neno la Adabu

Ndugu msomaji, mtu aliyeisomea isimu na kuifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini hutazamiwa kuwa hakosi maneno. Mimi nililikosa neno moja, na nililikosa nyumbani mwangu mwenyewe, mbele ya mke wangu. Kwa muda wa miaka mitatu nilimwona akizidi kuongezeka uzito, nikamhofia ugonjwa wa kisukari, na nisijue nimwambieje. Nimemwomba ruhusa niyaandike haya gazetini, naye amenipa kwa sharti moja tu: nisizitaje kilo zake. Sharti hilo nitalitii hadi nukta ya mwisho.

Desemba iliyopita tulikwenda Endarasha, Kieni Magharibi katika Kaunti ya Nyeri, kumjulia hali mama yangu mzazi. Huko ni mahali pa baridi, ambapo mashamba ya viazi, karoti na kabeji hupanda kuelekea msitu wa Nyandarua, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana wazi upande wa mashariki. Tuliposhuka garini, mama alimkumbatia mkaza mwana wake, akamshika mikono yote miwili, akamtazama toka utosini hadi nyayoni, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia majirani: "Umenawiri! Mwanangu anakutunza." Majirani wakaitikia. Mke wangu akatabasamu. Mimi nami nikatabasamu, kwani sifa ile ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yake. Walakini moyoni nilikuwa nikihesabu.

Nilikuwa nikihesabu nini? Kwanza, umri wake umepita miaka arobaini na mitano. Pili, mama yake mzazi, ambaye ni mkwe wangu ninayemheshimu mno, aliugua kisukari kwa miaka mingi na hatimaye akakatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichoanza kama lengelenge dogo la kiatu. Tatu, mtoto wetu wa mwisho alizaliwa na kilo 4.3. Siku hiyo ukoo mzima ulishangilia, wazee wakasema amezaliwa shujaa. Hakuna aliyetueleza kwamba mtoto kuzaliwa na uzito unaopita kilo nne huweza kuwa dalili kwamba sukari ya mama ilipanda wakati wa ujauzito, na kwamba mama ambaye sukari yake ilipanda wakati huo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari miaka ya baadaye. Nne, yeye ni mwalimu kama mimi. Kazi yetu ni ya kusimama kidogo na kuketi sana, tukisahihisha madaftari usiku huku chai na mkate vikiwa kando.

Nilikuwa, basi, na hoja nne na ulimi usionyanyuka. Nikaanza kujiuliza: kwa nini? Jibu nililipata katika taaluma yangu mwenyewe. Lugha zetu zimeuwekea mwili wa binadamu makabati mawili ya maneno. Katika kabati la kwanza mna sifa: kunawiri, kuwanda, kupendeza, kujaa. Katika kabati la pili mna kejeli: bonge, tipwatipwa, pandikizi la mtu. Wembamba nao umetengewa maneno ya huruma na ya dharau: kukonda, kudhoofika, kimbaombao, ng'onda. Kikuyu chetu nacho hakitofautiani sana: yule aliyenora husifiwa na yule aliyehinja huulizwa ana shida gani. Hata katika magazeti yetu, wakubwa wa serikali huitwa "wanene", na msomaji huelewa bila kufafanuliwa kwamba mnene ni mwenye cheo na mwembamba ni mwenye njaa. Kabati la tatu, lenye maneno ya kumweleza umpendaye kwamba mwili wake umo hatarini bila kumsifu wala kumkejeli, halipo, au likiwapo ni tupu.

Mtu asidhani kwamba nawalaumu wazee wetu. Lugha huhifadhi kumbukumbu, na kumbukumbu za watu wa Nyeri ni za njaa. Mama yangu alikuwa mtoto mdogo pale serikali ya kikoloni, katika kipindi cha hali ya hatari kilichotangazwa Oktoba 1952, ilipoanza mnamo 1954 kuwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na ua. Mashamba yaliachwa, saa za kwenda kulima zikapimwa kwa amri, na watoto wengi walilala njaa. Miaka thelathini baadaye, ukame wa 1984 ulitukuta sisi kizazi kilichofuata. Ndio mwaka tuliojifunza kula mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Mtu aliyepitia hayo akimwona mkaza mwana wake amejaa, haoni ugonjwa. Anaona ushindi.

Kisha ukaja Ukimwi. Nchini Uganda ugonjwa huo uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Hapa Kenya, ambapo Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, mtu aliyepungua uzito alinong'onezwa sokoni na kanisani. Kizazi changu kililelewa katika minong'ono hiyo. Tulijifunza kwamba kukonda ni tangazo la mauti, na kwamba mwili mnene ni cheti cha afya. Sasa tumefika makamo, nacho cheti kile tumegundua hakina muhuri.

Turudi kwa ugonjwa wenyewe, kwani hata jina lake limetupotosha. "Kisukari" ni neno lililoundwa kutokana na sukari, na mitaani watu husema kwa mkato, "Fulani ana sukari." Matokeo ni kwamba wengi wetu tunaamini ugonjwa huu huletwa na sukari ya mezani pekee. Nimemwona mzee mmoja, aliyeambiwa na daktari ajihadhari, akikataa kata kata kijiko kimoja cha sukari katika chai, kisha akila sahani ya viazi na chapati tatu kwa dhamiri safi. Wagiriki wa kale waliupa ugonjwa huu jina lenye maana ya kitu kinachopitisha maji, kwa kuwa mgonjwa hunywa na kukojoa bila kikomo. Wao waliitaja dalili. Sisi tulitaja sukari. Hakuna aliyekitaja chanzo.

Chanzo cha kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, ni hiki. Chakula cha wanga, kiwe ugali, viazi, mkate au wali, husagwa tumboni na kuwa sukari iingiayo katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa kichocheo cha insulini, ambacho hufanya kazi kama ufunguo wa kuifungulia sukari hiyo milango ya chembe za mwili. Mafuta yanapolimbikizana, hasa tumboni na kwenye ini, chembe huanza kuukataa ufunguo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, hadi siku inapochoka. Sukari basi hubaki katika damu, na polepole huharibu mishipa midogo ya macho, ya figo na ya miguu. Haya yote huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu. Ni kweli kwamba si kila mtu mnene hupata kisukari, na wembamba pia hukipata. Urithi una mkono wake. Hata hivyo, miongoni mwa mambo ambayo mtu anaweza kuyabadilisha, uzito uliozidi ndio ulio na uzito zaidi.

Hali ikoje nchini? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba 27 kati ya kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake idadi hiyo ilikuwa asilimia 38.5 na kwa wanaume asilimia 17.5. Utafiti mwingine, wa 2022 kuhusu idadi ya watu na afya, ulikuta kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, na wanaume 19. Lakini takwimu iliyonishtua zaidi ni nyingine kutoka ule uchunguzi wa 2015: takriban watu 88 kati ya kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu hata mara moja maishani. Tunajua bei ya viazi kila wiki. Sukari iliyomo katika damu yetu hatujui.

Pengine msomaji atauliza: mwanamke wa Endarasha anayelima, anayekama ng'ombe na kubeba maji, atapataje unene? Swali ni zuri, na jibu lake linaonyesha jinsi maisha yalivyobadilika. Njia tuliyokuwa tukienda kwa miguu kilomita tano sasa hupitwa kwa bodaboda. Mafuta ya kupikia, yaliyokuwa yakipimwa kwa kijiko, sasa humiminwa. Unga uliokuwa wa mahindi yaliyosagwa na maganda yake sasa ni mweupe pe. Mikutano ya vyama vya akina mama, harambee, ruracio na mazishi yote huandaliwa sahani zilizojaa wali, viazi, chapati na nyama, na soda juu yake. Kuacha kumaliza ni kumdharau mwenyeji. Isitoshe, mama wa nyumbani ndiye aonjaye wakati wa kupika, ndiye alaye mabaki ya watoto ili yasitupwe, na ndiye asiye na saa moja ya mchana aliyoachiwa iwe yake.

Mimi nami, kama nilivyokiri, nilikosa neno, nikajaribu vitendo. Nilianza kulificha bakuli la sukari. Nikawa nanunua mboga nyingi kuliko kawaida na mkate kidogo. Mezani nikawa nasimulia, kana kwamba ni mzaha, habari za wenzangu kazini walioanza mazoezi. Siku moja mke wangu aliweka kijiko chini, akanitazama, akasema: "Baba Watoto, kama unatafuta mke mwembamba, sema wazi. Usipitie kwenye bakuli la sukari." Nilinyamaza. Alikuwa amenielewa vibaya, lakini kosa lilikuwa langu. Mtu asiyesema hofu yake huwaachia wengine kazi ya kuitafsiri, nao huitafsiri kwa msamiati walio nao.

Juma chache baadaye alikwenda kliniki kwa sababu ya kikohozi. Daktari mmoja kijana, bila kuinua macho, akamwambia: "Mama, wewe ni mnene mno." Alirudi nyumbani akiwa amenuna na hakurudi tena kule. Daktari alisema kweli, na kweli ile haikumsaidia mtu. Nikaitafakari sentensi yake kama mwalimu wa sarufi. Kishirikishi "ni" hufunga mtu na sifa yake kana kwamba ni kitu kimoja: wewe ni mnene, basi, ndivyo ulivyo. Laiti angesema, "Mama, una uzito uliozidi kipimo," angekuwa amemtenga mtu na mzigo wake. Mtu "mwenye" mzigo aweza kuutua. Mtu ambaye "ni" mzigo atautua wapi?

Wanafunzi wangu huniambia kwamba huku ni kuchezea maneno. Sikubaliani nao, na Kiswahili chenyewe ni shahidi wangu. Tulikuwa tukisema "vilema", tukiwaweka binadamu wenzetu katika ngeli ya vitu. Leo twasema "walemavu" na "watu wenye ulemavu". Tulikuwa tukitangaza vifo vya Ukimwi kwa tafsida ya "kuugua kwa muda mrefu". Leo twasema "watu wanaoishi na virusi", na kusema huko kumewafanya maelfu wathubutu kupimwa na kumeza dawa. Lugha haikuitibu virusi. Lakini iliwaondolea watu aibu iliyowazuia mlangoni mwa zahanati. Hicho ndicho ninachokitaka kwa uzito na kisukari. Nchini Tanzania limetumiwa neno "kiribatumbo" kwa unene wa kupindukia. Ni neno lililoundwa kwa ustadi, lakini lina picha ya kiriba cha maji ndani yake, na kicheko kiko karibu. Mimi nimechagua "uzito uliozidi", kwa sababu huzungumzia kipimo, na kipimo hakimtukani mtu.

Basi usiku mmoja nilijikaza. Sikuutaja mwili wake. Nilisema: "Mama Watoto, naogopa. Kila nikikumbuka mguu wa mama yako, naogopa." Alikaa kimya kwa muda mrefu, hata nikadhani nimekosea tena. Kisha akasema: "Mimi ndiye niuotaye usiku." Miaka mitatu tulikuwa tumelala kitanda kimoja, kila mmoja na hofu ile ile, kila mmoja akimstahi mwenzake kwa kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuwa hata tumefikia maradhi. Tulikuwa twaficha hofu yake tu.

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda kupimwa, sote wawili, bila kifungua kinywa. Sharti la kwenda wawili lilikuwa lake, na lilikuwa la busara. Sukari yake ilikuwa 6.4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Shirika la Afya Duniani huhesabu 7.0 na zaidi, kwa mtu ambaye hajala usiku kucha, kuwa ni kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 kuwa ni hali ya mpakani: hujavuka, lakini waliona lango. Alitakiwa apimwe tena, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, na cha pili kikathibitisha cha kwanza. Mimi niliyejiona mwembamba na salama, sukari yangu ilikuwa sawa, lakini shinikizo langu la damu lilikuwa juu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa mwalimu wa mwenziwe katika nyumba yetu.

Je, mtu aliyefika mpakani aweza kurudi? Hapa sayansi ina habari njema, ambayo haijapigiwa mbiu vya kutosha. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa na uzito uliozidi na sukari iliyopita kiasi lakini ambao hawajafikia kisukari. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 kila juma. Katika kundi hilo visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformini walipata nafuu ya asilimia 31. Mwaka mmoja kabla, Wafini waliochunguza watu 522 walikuwa wamepata asilimia 58 hiyo hiyo. Mabadiliko ya maisha, basi, yaliwakinga watu zaidi ya kidonge.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano ili wanafunzi waione. Tumchukue mtu yeyote mwenye kilo 90. Asilimia 7 ya uzito wake ni kilo 6 na kidogo. Hatuambiwi awe na umbo la msichana wa miaka kumi na minane. Twaambiwa kilo sita. Dakika 150 kwa juma ni nusu saa kwa siku tano, yaani mwendo wa kwenda dukani na kurudi bila bodaboda. Na kwa asiye na mizani, utepe wa fundi cherehani watosha kuanzia: Shirika la Afya Duniani husema hatari huwa imeongezeka sana pale kiuno cha mwanamke kinapozidi sentimita 88, na cha mwanamume sentimita 102.

Siku hizi pia watu huniuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito, kama ile ijulikanayo kwa jina la Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Ni dawa ya kweli, itumiwayo kwa agizo la daktari, wala sizibezi. Lakini bei yake si ya mwalimu wa shule ya msingi, na asiinunue mtu kichochoroni.

Nisije nikaonekana kama nasema jambo hili ni la hiari ya mtu mmoja mmoja tu. Mke wangu alipoanza kutembea alfajiri, jirani mmoja alimsimamisha na kumwuliza kwa wasiwasi ni nani aliyefariki. Kwetu mwanamke wa makamo haonekani akienda mbio barabarani bila msiba. Mkutanoni kwa akina mama, alipoomba sahani ndogo, aliulizwa kama chakula hakikuiva vizuri. Mwili wa mtu mmoja hubebwa na macho ya kijiji kizima, na macho hayo yasipofundishwa, nusu saa ya kila asubuhi huwa safari ndefu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya hazina ya zamani ya bima ya afya, na mjadala wote bungeni, redioni na vilabuni umekuwa juu ya nani atalipia matibabu. Ni mjadala halali. Hata hivyo, ni nadra kusikia mtu akiuliza ni wangapi wasingalihitaji matibabu hayo lau wangalipimwa mapema. Figo zikishashindwa, mgonjwa husafishwa damu mara mbili au zaidi kila juma kwa maisha yake yote. Hakuna bima isiyolemewa na gharama hiyo. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa vya kazi, vikiwamo mizani, kipima shinikizo na kipima sukari. Huo ulikuwa mpango mwema. Swali ambalo kila mwananchi anapaswa kuliuliza katika kijiji chake ni hili: je, mkoba ule umefika mlangoni pangu, na je, vijiti vya kupimia sukari bado vimo ndani? Kipima sukari kisicho na vijiti ni saa isiyo na mishale.

Kwenu walimu wenzangu nina maneno mawili. La kwanza ni kuhusu somo la mazoezi ya mwili. Katika miaka ya mfumo wa 8-4-4 vipindi hivyo vilinyakuliwa na hisabati na marudio ya mitihani, nasi sote tulishiriki katika unyakuzi huo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Tusiuhamishie mtaala mpya dhambi ile ya zamani. La pili ni kuhusu chumba cha walimu. Chai ya saa nne yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili, mara siku tano, mara majuma ya muhula mzima, nayo ni mtaala. Na wanafunzi watuonao dirishani huusoma.

Nanyi wanafunzi, mnapoandika insha, msiwaite watu majina ya kuchekesha kwa sababu ya miili yao. Mtoto aliyeitwa bonge darasani hujifunza kuuficha mwili wake, na mwili ufichwao haupimwi.

Tulirudi Endarasha mwezi wa Aprili. Mke wangu alikuwa amepungua. Nimeahidi sitasema kiasi gani. Mama alimshika mikono kama kawaida yake, akamtazama, na safari hii uso wake ulikunjamana. Aliniita kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuna ugomvi nyumbani, au kama kuna ugonjwa tunaomficha. Nilikuwa bado natafuta jibu pale mke wangu, aliyekuwa amesikia, alipokuja na kuketi karibu naye. Akamsimulia juu ya mguu wa mama yake, juu ya ule mpaka wa 7.0, na juu ya nusu saa ya kila alfajiri. "Mama," akasema, "sijakonda. Nimepunguza kipimo."

Mama alinyamaza, akitia kuni jikoni. Kisha akauliza: "Na mimi, aliyenipima ni nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka yote hiyo nilimhofia mke wangu, na yule aliyenizaa, mwenye umri unaopita miaka sabini, hakuna aliyewahi kumtoboa kidole. Kesho yake tulimpeleka zahanati. Kwako, ndugu msomaji, naliacha swali lake kama alivyoliuliza. Lipeleke nyumbani leo, ulitaje mbele ya umpendaye, na uwe wa kwanza kunyoosha kidole chako kipimwe.